Uzi wa kujitengenezea amplifaya ya hi-fi nyumbani: pesa iende kwenye transfoma, graundi na hitisinki

FundiLehemu:

Wakuu, habari za jioni.

Swali linalorudi kila siku kwa watu wanaoanza kujitengenezea amplifaya ni "aisii gani inapiga vizuri?" Majibu huwa ni namba tupu za aisii, yaani vile vipande vyenye saketi nzima ndani yake: TDA hii, LM ile, STK fulani. Nimeamua kuleta uzi mrefu kwa sababu naamini swali lenyewe linaanzia pasipo pake. Amplifaya nyingi za kutengeneza nyumbani hazisumbuliwi na aisii. Zinasumbuliwa na umeme zinaolishwa, na jinsi graundi (njia ya pamoja ya volti 0) ilivyofungwa, na joto lisilo na pa kwenda. Ukivisimamia hivyo vitatu, hata aisii ya kawaida kabisa itakupa sauti ambayo hutaipata kwenye sabufa za dukani.

Mfano wangu utakuwa LM3886, kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri na kwa sababu inamsamehe anayejifunza. Ilitengenezwa na National Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Ndani yake kuna ulinzi dhidi ya shoti kwenye spika na dhidi ya joto kupita kiasi. Vipuri vinavyoizunguka ni vichache: rezista kadhaa, kapasita kadhaa, basi. Kwa hiyo nguvu yako yote unaweza kuihamishia pale inapohitajika.

Naanza na transfoma. Chukua 18-0-18, yaani volti 18 kila upande wa waya wa katikati (0), yenye uwezo wa VA 160 (volti mara ampea), moja kwa chaneli mbili. Volti 18 za AC zikipita kwenye daiodi na kujaza kapasita zinakuwa 18 mara 1.41, toa volti moja hivi ya daiodi, unapata kama ±24, yaani volti 24 upande chanya na 24 upande hasi. Ikiwa haina mzigo itapanda kidogo, usishangae ukisoma 26. Hapo kila chaneli itakupa karibu wati 25 za kweli kwenye spika ya omu 8. Najua kuna watu wataona wati 25 ni kidogo. Kaeni nazo kwanza. Spika yenye usikivu wa desibeli 88 kwa wati moja, ukiipa wati 25 inafika kama desibeli 102 ukiwa mita moja. Sebule ya kawaida hiyo ni kelele ya kugombana na majirani. Na kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu.

Unaweza kwenda 24-0-24, utapata kama ±33, lakini hapo ni spika za omu 8 peke yake. Omu 4 kwa volti hizo ni kuisukuma aisii ianze kujilinda katikati ya wimbo, na sauti ya aisii inayojilinda ni mbaya sana, inakatika na kukwaruza.

Kapasita: mikrofaradi 10,000 kila upande, za volti 50. Hesabu yake ni rahisi. Chaneli zote mbili zikipiga kwa nguvu zote, kila upande unatoa wastani wa kama ampea 1.6. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo kapasita zinajazwa mara 100 kwa sekunde. Gawa 1.6 kwa 100, kisha gawa kwa 0.01 ya faradi: volti zinapanda na kushuka kwa 1.6 hivi. Ukiweka kapasita ya 2,200, zile tunazochomoa kwenye redio mbovu, hesabu hiyohiyo inakupa volti zaidi ya 7 za kupanda na kushuka. Kwa umeme wa ±24 hiyo ni karibu theluthi yote. Besi ikipiga, umeme unainama nayo. Watu wanaita "aisii dhaifu" na kwenda kununua nyingine.

Hitisinki, yaani chuma cha kutolea joto: LM3886 ni ya klasi AB, aina ya amplifaya inayopoteza umeme mwingi kama joto. Kwa ±25 na spika ya omu 8, aisii moja ikifika pabaya inatoa joto la karibu wati 16. Mbili ni wati 32. Dar mwezi wa pili chumba kina nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Ukitaka hitisinki isizidi nyuzi 65, una nyuzi 33 za kucheza nazo kwa wati 32, yaani unahitaji hitisinki inayopanda nyuzi moja kwa kila wati. Hicho ni kipande cha alumini chenye mapezi ya kutosha, si bati la mkebe. Kwa spika za omu 4 joto linakuwa mara mbili, tafuta kipande kikubwa mara mbili au weka feni. Amplifaya kuukuu za Kijapani zilizokufa ndizo zenye hitisinki nzuri kuliko chochote utakachouziwa kipya. Pita kwa mafundi wanaouza skrepa za redio, uliza, beba.

Jambo moja la kushika kichwani: LM3886T, ile yenye chuma wazi mgongoni, chuma hicho kimeungana na umeme wa upande hasi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye hitisinki iliyogusa kasha, umepiga shoti. Weka maika (kipande chembamba kinachozuia umeme) na bushi ya plastiki kwenye skrubu, halafu pima kwa mita kabla ya kuwasha. LM3886TF imefunikwa plastiki, hiyo haina shida hiyo. TDA2030 na TDA7294 nazo chuma chake kiko upande hasi.

Sehemu ya graundi nitaileta peke yake, inahitaji nafasi.

Kijana wa Ngamiani:

Mkuu umeshusha madini. Swali langu: nyumbani kuna sabufa imeandikwa PMPO 5,000W. Sasa wati 25 mara mbili nitasikia kitu kweli?

FundiLehemu:

Igeuze hiyo sabufa, soma kibandiko cha nyuma. Utakuta sehemu inayoeleza inakula wati ngapi kutoka ukutani, na mara nyingi ni 40, 60, zikizidi sana ni 100. Amplifaya haiwezi kutoa kwenye spika umeme ambao haikuuchukua ukutani. PMPO haina kipimo kinachoshikika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Wati ninazozungumzia hapa ni RMS, zinazopimwa kwa mzigo wa omu 8 mfululizo. Utasikia, tena utasikia vyombo ambavyo hukujua vimo kwenye nyimbo unazozijua.

Bandarini:

Mimi nilijenga bodi ya LM3886 kama hiyo ya kununua imeshafungwa. Sauti safi, lakini kuna mvumo muda wote, hata voliumu ikiwa sifuri. Nimebadilisha kapasita za umeme kwa kubwa zaidi, mvumo ukaongezeka. Hapo ndipo niliposhindwa kuelewa.

FundiLehemu:

Bandarini, umeleta mfano mzuri kuliko ambao ningeutunga mwenyewe. Kapasita kubwa zimeongeza mvumo kwa sababu mvumo wako hautokani na uhaba wa kapasita. Unatokana na njia ya graundi.

Sikiliza kinachotokea. Kapasita hazijazwi polepole kama maji ya bomba. Daiodi zinafunguka pale tu volti za transfoma zinapozidi zile zilizomo kwenye kapasita, yaani kwenye kilele cha wimbi, muda mfupi sana. Katika muda huo mfupi umeme wote wa kujaza unapita kwa kishindo kimoja. Wastani unaweza kuwa ampea moja na nusu, lakini kishindo chenyewe kikafika ampea 10. Kapasita ikiwa kubwa, kishindo kinakuwa kikali zaidi na kifupi zaidi. Na vishindo hivi ni 100 kwa sekunde.

Sasa nusu mita ya waya wa shaba wa milimita mraba 1 ina ukinzani wa karibu miliomu 9. Inaonekana si kitu. Pitisha ampea 10: milivolti 90 kati ya ncha moja na nyingine. Kama graundi ya ingizo lako imefungwa ncha ya huku na graundi ya aisii ncha ya kule, hizo milivolti 90 zinaingia kwenye amplifaya kama vile zimetoka kwenye simu yako. Amplifaya inazidisha mara 21. Karibu volti 2 za mvumo kwenye spika, na voliumu ikiwa sifuri haisaidii chochote, kwa sababu mvumo umeingilia nyuma ya voliumu.

Dawa: waya wa katikati wa transfoma, ule wa 0, uende moja kwa moja kwenye kiungo cha kapasita mbili kubwa. Usifunge kitu kingine chochote kwenye waya huo njiani. Kutoka kwenye kiungo hicho toa waya mmoja mfupi mnene hadi kwenye sehemu moja, skrubu au kipande cha shaba, hiyo ndiyo nyota yako. Graundi zote zinatoka kwenye nyota, kila moja na waya wake: graundi ya spika ya kushoto, ya spika ya kulia, ya kapasita ndogo za bodi, na ya mawimbi. Ile ya mawimbi ni laini, isichanganywe njia na yoyote inayobeba umeme mzito.

Kuna kipimo cha sikio pia. Mvumo wa hezi 100 una ukali kidogo, kama nyuki, unatokana na vishindo hivi. Mvumo wa hezi 50 ni mzito na laini, huo mara nyingi ni transfoma iliyokaribiana na nyaya za ingizo, au mzunguko wa graundi kati ya amplifaya na kifaa kingine chenye eathi yake, kama kompyuta au king'amuzi. Chomoa waya wa ingizo, unganisha pini ya ingizo na graundi yake kwa kipande cha waya. Mvumo ukiisha, tatizo liko nje ya amplifaya. Ukibaki, liko ndani.

Bandarini:

Wangu uko kama nyuki, na unabaki hata nikichomoa. Bodi yangu ina waya wa 0 unaingia kwenye bodi ya chaneli ya kushoto kwanza, kisha unaruka kwenda kulia. Kesho nafungua.

Nyuzi Sita:

Samahani wakuu, nitatofautiana kidogo. Mnahangaika na transfoma la kilo mbili na hitisinki la kubeba kwa mikono miwili wakati bodi ya TPA3116, aisii ya klasi D inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana, inapatikana kwa bei ya chakula cha familia siku moja, unachomeka chaja ya laptopu ya volti 19, unapata wati 20 kila upande kwa spika za omu 8, haichemki, na ukubwa wake ni pakiti ya biskuti. Kuna haja gani ya haya mengine?

JuaKali12V:

Naunga mkono. Mimi niko kijijini, umeme wangu ni wa jua na betri. TPA3116 inafanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo betri inatosha kabisa. Klasi AB ingenimalizia betri kabla ya saa mbili usiku. Lakini nitoe angalizo: swichi yake ya ndani ina mapigo ya kilohezi 400, na mazidisho yake (mara mbili, mara tatu) yanaangukia kwenye masafa ya kati ya redio. Nikiwasha amplifaya, stesheni za AM zinajaa makelele. Niliihamishia kwenye kasha la chuma na nyaya za spika nikazifupisha, ndipo pakakalika.

FundiLehemu:

Nyuzi Sita, sina ugomvi na TPA3116. Kwa aliye kwenye umeme wa jua kama JuaKali, hiyo ndiyo amplifaya ya kujenga, na ningemshauri asiguse klasi AB. Ufanisi wake unazidi asilimia 90 ikiwa kazini, wakati klasi AB inapoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, hasa ukisikiliza kwa sauti ya kati.

Lakini bodi hiyo unainunua imekwisha. Unachomeka nyaya nne. Uzi huu ni wa mtu anayetaka kuelewa kwa nini inalia, na kuweza kuifungua miaka kumi baadaye akabadilisha kapasita mwenyewe. Hilo nalithamini kuliko ukubwa wa pakiti. Na hata kwenye klasi D, umeme mbovu utakupa sauti mbovu. Jaribu hiyo bodi na chaja feki, kisha na chaja nzuri, utasikia mwenyewe.

Luthuli Kona:

Salamu kutoka Nairobi. Ndugu FundiLehemu, niko na hoja kuhusu kapasita. Mwaka 1999 Mjapani Junji Kimura wa 47 Laboratory alitoa amplifaya inayoitwa Gaincard, ndani yake LM3875, ndugu wa LM3886. Ndiyo iliyowafanya watu dunia nzima waanze kujenga nakala wakaziita Gainclone. Ile ilitumia kapasita ndogo, mikrofaradi 1,000 tu, na watu wakaisifu sana. Sasa hii 10,000 yako inatoka wapi?

FundiLehemu:

Hoja nzuri sana hii, na jibu lake linarudi kwenye yale niliyomweleza Bandarini. Kapasita ndogo inajazwa kwa muda mrefu zaidi katika kila wimbi, kwa hiyo vishindo ni vya upole na graundi inakuwa rahisi kuiweka safi. Volti zinapanda na kushuka sana, ndiyo, lakini LM3886 yenyewe inakataa takataka za kwenye umeme kwa kiwango kikubwa, karatasi ya kiwanda inataja hadi desibeli 120. Kwa sauti ya wastani hutasikia chochote. Ukipandisha ndipo umeme unapoinama, na sauti inakatika kwa mdundo wa hezi 100.

Kwa hiyo anayesikiliza muziki wa sauti ya chini, kinanda na mtu anaimba, kwa spika zenye usikivu mkubwa, 1,000 zitamtosha na atafurahi. Sisi tunaosikiliza muziki wa dansi wenye besi ya gitaa inayotembea na ngoma juu yake, tunahitaji hifadhi. Mimi kipimo changu ni rekodi za Mlimani Park. Magitaa matatu yanapishana, na besi inaongea chini yake bila kusimama. Amplifaya yenye umeme dhaifu inayafanya yale magitaa yawe kitu kimoja. Yenye umeme wa kutosha unaweza kufuata gitaa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kwa taarabu sikiliza qanuni: kila uzi unapokwanyuliwa una mwanzo wake mkali, kisha mlio unaofifia. Mlio ule unaofifia ukizama kwenye mvumo, rudi kwenye graundi.

Luthuli Kona:

Sawa, hapo nimekuelewa. Sasa transfoma naipata wapi? Luthuli Avenue zimejaa za 12-0-12 za ampea 2 au 3. Toroidi (transfoma ya duara) ya VA 160 naambiwa niagize, na nauli ya mzigo inazidi bei yake. Rafiki ananiambia nichukue ya UPS kuukuu.

Msokotaji:

Ya UPS achana nayo, mwanangu. Nimesokota mota na transfoma tangu ujana wangu. Ile ya UPS imetengenezwa kufanya kazi dakika chache umeme ukikatika, waya wake ni mwembamba kwa ampea inazobeba na inachemka haraka. Tena volti zake ni ndogo, za betri.

Tafuta fundi wa kusokota mota hapo mtaani kwako, mpelekee kiini cha transfoma kuukuu, zile za bati za E na I. Pima mguu wa katikati, upana mara unene wa bati zote, kwa sentimita. Kwa VA 160 unataka kama sentimita mraba 12 na nusu. Kwa umeme wa hezi 50, gawa 45 kwa eneo hilo, unapata mizunguko kwa kila volti. Kwa kiini hiki ni 3.6 hivi. Upande wa ukutani, volti 230, ni mizunguko kama 820. Upande wa amplifaya volti 18 ni 64, ongeza asilimia 5 ya upotevu, weka 67 au 68, mara mbili. Hizo mbili zisokotwe pamoja, nyaya mbili sambamba mkononi, ili zitoke sawa kabisa. Ukisokota moja juu ya nyingine, ya juu itakuwa na waya mrefu zaidi na volti zitapishana ukiiwekea mzigo.

Wengine wanatumia 37 badala ya 45 ili kupunguza waya. Kwa amplifaya usifanye hivyo. Kiini kinashiba, transfoma inaguna, na usumaku unamwagika nje mpaka kwenye nyaya zako za ingizo. Na wewe wa Nairobi umeme wenu ni 240, mwambie fundi apige hesabu kwa 240.

FundiLehemu:

Shikamoo mzee wangu Msokotaji. Hiki ulichoandika kinastahili kuwekwa juu kabisa ya uzi. Hili la kusokota nyaya mbili sambamba sikuwahi kuliona likielezwa wazi namna hii.

Msokotaji:

Marahaba. Na karatasi ya kutenga kati ya upande wa ukutani na upande wa amplifaya iwe safu tatu, siyo moja. Hapo ndipo uhai wa mtu ulipo.

Kijana wa Ngamiani:

Tukizungumzia uhai, naomba utaratibu wa kuwasha mara ya kwanza. Naogopa kusema kweli.

FundiLehemu:

Woga huo ubaki nao, ni mzuri. Utaratibu wangu ni huu.

Tafuta balbu ya zamani ya waya wa moto, wati 60 au 100. Ya LED haifai. Ifunge kwa mfuatano kwenye waya wa laivu unaoingia kwenye transfoma. Amplifaya ikiwa na shoti, balbu itachukua umeme wote na kuwaka kwa nguvu, na aisii yako itapona. Ikiwa nzima, balbu itamulika mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha itafifia hadi karibu kuzimika. Spika isiwepo wakati huu.

Balbu ikififia, pima umeme: chanya na hasi zilingane, tofauti ya nusu volti si tatizo. Kisha pima DC kwenye tokeo la spika. Iwe chini ya milivolti 50. Ukisoma volti kadhaa, zima, usiunganishe spika. Fikiria: volti 25 za DC kwenye koili ya omu 6 ni zaidi ya wati 100 za kuchoma tu, bila sauti yoyote. Spika inakufa ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana nasisitiza bodi ya ulinzi wa spika yenye rilei na uPC1237, aisii ya NEC iliyomo kwenye amplifaya nyingi za Kijapani. Inasubiri kidogo kabla ya kuunganisha spika, na ikiona DC inakata.

Mambo ya upande wa ukutani hayana mjadala. Fyuzi kwenye laivu, kabla ya swichi, ya aina ya polepole yenye herufi T, ampea 1.6 au 2 kwa VA 160. Waya wa eathi ufungwe kwenye kasha la chuma kwa skrubu yake yenyewe, rangi ikwanguliwe chini ya skrubu. Asije mtu akakwambia ukate eathi ili kuondoa mvumo. Mvumo una dawa zake, tumezieleza juu.

Na baada ya kuzima, kapasita zimebaki na umeme. Weka rezista ya kiloomu 2.2, wati 1, sambamba na kila kapasita kubwa. Ndani ya dakika mbili zinakuwa tupu, lakini pima kabla ya kuingiza mkono.

Nyuzi Sita:

Naomba nami nirudi. Nimepata LM3886 mbili hapa Kariakoo, bei rahisi mno. Najuaje kama ni feki?

FundiLehemu:

Bei rahisi mno tayari ni dalili. Sugua maandishi kwa pamba yenye aseton: ya kiwandani hayafutiki kirahisi, yaliyochapwa upya juu ya aisii iliyokwanguliwa yanatoka. Tazama pini: zikiwa na alama za lehemu ya zamani, ujue ilichomolewa mahali. Iliyochomolewa inaweza kuwa nzima kabisa, tena ninaiamini kuliko mpya isiyojulikana. Kipimo cha mwisho ni kazi: iwashe kwa balbu, kisha ipe mzigo wa rezista ya omu 8 ya wati nyingi na uone kama inafikia volti zake bila kukatika. Kwa transista za 2SC5200 na 2SA1943 za Toshiba hali ni mbaya zaidi, zilizojaa madukani nyingi ndani zina kipande kidogo cha silikoni kisichobeba ampea zilizoandikwa. Ni sababu nyingine inayonifanya niwaelekeze wanaoanza kwenye aisii.

Luthuli Kona:

Kuna yeyote amejenga klasi A? Ile ya John Linsley Hood inanivutia, transista nne tu.

FundiLehemu:

Ni saketi nzuri sana kujifunzia. Aliichapisha kwenye jarida la Wireless World la Uingereza mwezi Aprili 1969, wati 10, na hadi leo watu wanaijenga. Lakini angalia umeme wake: kwa spika ya omu 8 inakula volti 27 na ampea 1.2 muda wote, muziki upo au haupo. Wati 32 za joto kwa kila chaneli, hata ukiwa umeiacha inawaka unapika jikoni. Kwa Nairobi kwenye baridi ya Julai nakuelewa. Kwa Dar au Mombasa anza na LM3886, halafu ukishakuwa na hitisinki kubwa kweli, rudi kwa hiyo.

Bandarini:

Wakuu, nimefungua. Nimetoa ule waya wa 0 kwenye bodi ya kushoto, nimeupeleka kwenye kiungo cha kapasita, nikatengeneza nyota kwa kipande cha shaba. Mvumo umekwisha. Nimeweka sikio kwenye koni, nasikia pumzi kidogo tu kwenye twita. Kapasita ni zilezile kubwa.

Sasa tatizo jipya: chaneli ya kulia imenyamaza kabisa. DC kwenye tokeo ni milivolti 3. Umeme upo, haichemki.

FundiLehemu:

Hongera kwa mvumo. Hiyo ya kulia ikinyamaza huku DC iko sawa na haichemki, mimi naangalia pini ya 8 kwanza. Ndiyo ya kuzima sauti, na inafanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: ikiachwa hewani, aisii inanyamaza. Ili ipige lazima utoe angalau miliampea 0.5 kutoka pini hiyo kwenda umeme hasi. Kwa umeme wa ±25, toa volti 2.6 za ndani, zinabaki 22.4, gawa kwa 0.5: rezista isizidi kiloomu 44. Mimi huweka 22 ili kuwe na nafasi. Pima kama rezista hiyo bado imeshika, huenda uliigusa ulipokuwa unatoa waya.

Bandarini:

Ni yenyewe. Mguu mmoja ulikuwa umeachia lehemu. Nimeichoma upya, chaneli zote mbili zinapiga.

Kijana wa Ngamiani:

Mimi nimeshapata kiini kutoka kwenye stabilaiza mbovu. Mguu wa katikati ni sentimita 3.8 kwa 3.5. Mzee Msokotaji, hiki kinafaa?

Msokotaji:

Hiyo ni sentimita mraba 13.3. Kinafaa, tena kina ziada. Mizunguko 3.4 kwa volti. Upande wa ukutani 780, upande wa amplifaya 64 mara mbili ukishaongeza ile asilimia 5. Waya wa upande wa amplifaya uwe milimita 1.4 au zaidi. Bati zote uzirudishe, E na I zikipishana, usibakize hata moja, na uzibane kwa bolti hadi zisitikisike.